Chumba cha Mama Hakikufunguliwa

6 Februari

Kwa Mkaguzi wa Majengo,

Hunijui. Anwani yako nimepewa na daktari mmoja wa hapa kazini. Ulimkagulia zahanati kabla hajainunua, naye anasema una mdomo mchungu lakini jicho lako halilali. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta.

Mimi ni muuguzi, niko ng'ambo miaka mingi sasa. Nataka kununua jengo la biashara hapo mjini kwenu, lile la ghorofa moja kwenye kona ya soko, chini maduka, juu kiwanda cha uchapaji. Mwenye jengo anauza na ana haraka. Mimi sijawahi kununua hata baiskeli. Naomba uniandikie pendekezo lako: utakagua nini, utaacha nini, na mwisho wa kazi nitegemee kushika nini mkononi.

Kuna siri moja. Chini pale, kwenye mlango wa bluu, kuna fundi cherehani, mwanamke mtu mzima. Huyo ni mama yangu. Amepanga chumba kile tangu mimi nabebwa mgongoni. Nimelelewa chini ya meza yake ya kukatia, kitanda changu kilikuwa mabaki ya vitambaa. Nataka aamke siku moja aambiwe jengo ni lake. Hajui lolote, na nakuomba asijue kupitia kwako.

Wako,
Muuguzi

*

17 Februari

Dada Muuguzi,

Daktari wako amenisifu kupita kiasi kuhusu jicho. Kuhusu mdomo, hakukosea.

Pendekezo lenye mhuri nimelitia kwenye bahasha hii. Wateja wengi hulitia saini bila kulisoma kisha wakanigombeza baadaye, kwa hiyo acha nikueleze kama tunavyoongea barazani.

Nitaanza juu nishuke. Paa, mifereji ya mvua, kuta za nje, nyufa. Ufa wa rangi na ufa wa ukuta ni vitu viwili, nami kazi yangu ni kuvitofautisha. Kisha sakafu ya juu, boriti zinazoibeba, nguzo, ngazi, milango ya kukimbilia moto ukitokea. Nyaya za umeme, mabomba, vyoo, maji machafu yanakokwenda. Nitauliza jengo lilikuwa linatumika vipi na sasa linatumika vipi, maana jengo la maduka likigeuzwa kiwanda huwa halisemi kitu mwanzoni.

Sibomoi ukuta wala sing'oi sakafu ya mtu. Naona kinachoonekana, nagonga, napima, nasikiliza. Kwa hiyo usitegemee nikuambie kilicho ndani ya zege kama sijakiona. Chumba kisichofunguliwa nitaandika hakikufunguliwa. Sitaandika kizuri kwa kukisia, hata kama kuta zake za jirani zinang'aa.

Mwisho utapata taarifa yenye picha, iliyopangwa kwa uzito: la kushughulikia leo, la mwaka huu, la kuangalia kwa macho tu. Sitakuambia nunua au usinunue. Huo ni mzigo wako.

Sasa kuna kipengele karibu na mwisho ambacho watu hukiruka. Kisome. Kinasema nikikuta kitu kinachoweza kuua watu, sisubiri taarifa na sisubiri ruhusa ya mteja. Nawaambia waliomo ndani papo hapo. Siri ya biashara yako nitaitunza mpaka hapo, si zaidi.

Ukikubali, tia saini urudishe nakala moja.

Mkaguzi wa Majengo

*

28 Februari

Kaka Mkaguzi,

Nimetia saini. Kipengele chako nimekisoma, nikacheka kidogo. Jengo lile lilisimama wakati wa mafuriko, wakati wa moto wa soko, na wakati mama yangu akipigana na panya. Haliui mtu.

Mwenye jengo nimemwandikia, atawaambia wapangaji kuna mtu anakuja kutazama paa. Kwa mama usikae sana. Ni mkali kwa wageni, lakini ukimsifia mshono wake atakupikia chai.

Unajua, zamu za hapa ni za kuvunja mgongo. Kuna siku nasimama kwenye korido ya wodi najiuliza nafanya nini huku. Kisha nakikumbuka chumba kile, kitambaa chenye maua alichotundika darini, sauti ya cherehani, na mama akiwa na pini mdomoni. Napata nguvu. Mama anakipenda chumba kile kama mtu anavyopenda ndugu.

Fanya kazi yako. Nasubiri kwa hamu.

Muuguzi

*

13 Machi

Mwanangu Kitinda,

Mimi mzima, macho tu yananisumbua kwenye sindano. Wewe je, unakula? Usinijibu kwamba unakula huku unakunywa chai tupu.

Mwanangu, huku kumeharibika. Wiki iliyopita kaja mwanamume mmoja na ngazi na tochi kubwa kama ya mlinzi wa benki. Watoto wa soko wamempachika jina, Bwana Tochi. Kapanda juu, kashuka, kagonga kuta kama daktari anayegonga kifua. Mwenye jengo alituambia ni mtu wa paa. Mtu wa paa gani anapima mlango wangu? Nikamwambia, "Baba, paa liko juu, hapa ni kwa cherehani." Akasifia gauni nililokuwa nashona. Hapo ndipo nilipojua ni tapeli, maana lilikuwa halina hata mikono. Nikamfungia mlango.

Baadaye msimamizi wa kiwanda cha juu akatuambia ukweli. Jengo linauzwa! Limenunuliwa au linanunuliwa na tajiri wa mbali ambaye hata sura yake hatuijui. Atatutoa wote aweke duka moja kubwa la vioo. Nililala siku ile sijavua hata viatu. Mtu gani huyo? Hana mama? Nimemwombea mabaya, mwanangu, sikufichi. Nimepiga goti nikasema, hicho anachokitamani kimwangukie kichwani.

Na mimi sitoki. Bwana Tochi amerudi mara nyingine, nikakaa kimya ndani kama sipo. Wakitaka chumba hiki watanitoa na meza yangu juu.

Hata jengo lenyewe limekasirika. Tangu kiwanda kilipopandisha mtambo wake mpya, vumbi linanimwagikia kutoka darini kama unga wa ungo. Nimeongeza kitambaa cha pili chini ya kile cha maua, sasa nashona kwa amani.

Usiwe na wasiwasi na mimi.

Mamako

*

22 Machi

Kaka Mkaguzi,

Nimepata barua ya mama. Mgonjwa mmoja ameniuliza kama nimefiwa.

Ananiapiza. Mama yangu mzazi amepiga magoti akaniombea mabaya, bila kujua anamwapiza nani. Niliisoma barua nikiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa chini juu ya viatu vya watu. Sijawahi kusikia maneno kama yale kutoka kwake, hata kwa mwizi.

Nakuomba usirudi tena kwenye mlango wake. Chumba kile nakijua kuliko mtu yeyote, naweza kukuchorea kila ufa. Andika tu kwamba ni kizuri, umalize taarifa, mimi ninunue haraka nimweleze mwenyewe. Nikimwambia sasa, kabla hati haijawa mkononi, itakuwa aibu juu ya kilio. Ana hasira mpaka anadai jengo nalo limekasirika, eti vumbi linamwagika kutoka darini tangu kiwanda kilete mtambo mpya. Kila kitu sasa ni kosa la mnunuzi.

Nisaidie katika hili, kaka. Ni chumba kimoja tu.

Muuguzi

*

2 Aprili

Dada Muuguzi,

Nakuandikia nimekaa kwenye kibaraza cha duka la viatu, ng'ambo ya barabara, nikilitazama jengo. Mwandiko ukiwa mbaya nisamehe. Mama yako yuko hapa kando yangu, mzima, hana hata mkwaruzo. Nimeanza na hilo ili uweze kuyasoma mengine.

Barua yako nimeifungua asubuhi hii nikinywa chai. Sehemu ya kuniomba niandike uongo niliipita kwa hasira. Nilipofika kwenye vumbi, kikombe kikanitoka. Siku ya ukaguzi niliona kule juu sakafu imebonyea chini ya ule mtambo mpya. Nikataka kuona chini yake kuna nini, na chini yake ni chumba cha mama yako, ambacho kilifungwa. Nimekuwa nikirudi pale kwa sababu hiyo. Sakafu kubonyea ni jambo moja. Zege kumwagika unga kila siku ni jambo lingine kabisa.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, nikikimbia sokoni na ngazi begani, watu wakidhani nimeiba.

Nikabisha.

"Nani?"

"Mkaguzi, mama."

"Rudi kwa aliyekutuma."

"Leo sitaki kuingia. Naomba utoke wewe."

"Ndivyo mnavyofanya! Mtu akitoka mnabadilisha kufuli."

Cherehani ikaendelea. Juu yake nikausikia mtambo ukizunguka, na kila ukizunguka kizingiti nilichokanyaga kilikuwa kinatetemeka. Nikamsihi, nikamwambia kuhusu boriti, akanijibu kwa cherehani. Basi nikatoa kile ulichoniomba nisitoe.

"Mama, aliyenituma ni mwanao. Muuguzi. Ndiye anayenunua jengo."

Sauti ya cherehani ikakatika katikati ya mshono. Nikasikia kiti kikisogea. Mlango ulipofunguka alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kifua cha gauni lake, ananitazama tu.

"Kitinda?"

"Ndiye."

Akataka kukaa palepale kizingitini. Nikamshika mkono nikamvusha barabara kama bibi harusi, nikamkalisha hapa kwa muuza viatu.

Nikarudi nikasimama mlangoni, nikavuta vitambaa vyote viwili kwa ncha ya ngazi. Dada, nimefanya kazi hii tangu ujana na nimeyaona mengi. Kilichokuwa nyuma ya kitambaa cha maua sijapata kukiona. Boriti kuu imepasuka kutoka ukutani mpaka katikati. Zege limemeguka, nondo ziko uchi, kutu imezila zimekuwa nyembamba kama sindano za kufumia. Na mtambo ukizunguka, ufa unafunguka na kufunga. Boriti ilikuwa inapumua. Chini yake ile meza uliyolelewa.

Nikapanda juu. Msimamizi wa kiwanda akanicheka. "Jengo hili limesimama kabla hujazaliwa, na mimi nina kalenda za kukabidhi." Sikubishana. Nikachukua glasi ya maji mezani kwake nikaiweka sakafuni, hatua chache kutoka kwenye mtambo. Glasi ikaanza kutembea yenyewe. Ikatambaa polepole hadi chini ya mtambo, ikagonga chuma, ikaanguka. Wafanyakazi hawakungoja kuambiwa. Mmoja alishuka na sabuni mkononi.

Sasa wote wako nje. Watu wa halmashauri nimewaita, wameweka utepe na kufunga milango. Mama yako anataka kuingia achukue cherehani yake, nimemkatalia, ameniita majina ambayo siwezi kuyaandika.

Ulisema ni chumba kimoja tu. Ningeandika ni kizuri kama ulivyoniomba, ungelinunua jengo hili na mama yako akiwa chini ya boriti ile.

Mkaguzi wa Majengo

*

11 Aprili

Mama yangu,

Barua ya mkaguzi imefika. Nimeisoma mara moja tu, ya pili nimeshindwa.

Mama, ni mimi. Tajiri wa mbali ni mimi, na vioo sikuwahi hata kuviwazia. Nilitaka uambiwe tu siku moja, mama, hakuna wa kukutoa tena. Niliona nimeficha zawadi. Kumbe nimekunyima usingizi, na barua yako yenye habari za vumbi nilikuwa nayo mfukoni siku nzima nikihesabu hasira zako, nisione dari. Mimi muuguzi! Mtu akiniambia anakohoa namuuliza tangu lini. Wewe uliniambia dari linamwagika, sikukuuliza neno.

Nilimwambia mkaguzi akiache chumba chako. Ujue hilo kutoka kwangu.

Kama bado umeniapiza, niondolee apizo. Kama huwezi, niandikie hata mstari mmoja wa kunigombeza. Nimekuwa nikiangusha vitu kazini. Nimetuma telegramu mbili, zote hazikujibiwa. Tafadhali usiingie mle ndani. Cherehani tutanunua nyingine.

Mwanao,
Kitinda

*

20 Aprili

Mwanangu Kitinda,

Telegramu zilipelekwa kwenye mlango wa bluu. Huo mlango haupo tena. Tarishi alizizungusha soko zima mpaka zikanifikia pamoja na barua yako, kwa mke wa muuza viatu, ninakolala.

Ngoja nikupe habari kwa utaratibu, maana hata mimi zinanichanganya. Siku chache baada ya kutolewa, mwenye jengo alikuja na mafundi na miti ya kuegemeza, anataka kuikaza boriti ili auze. Bwana Tochi akamkatalia mlangoni. Msimamizi wa kiwanda naye akafika kudai kalenda zake. Wakasimama barabarani wanatupiana maneno, wanaume watatu, asubuhi, soko limejaa. Mimi nimekaa kibarazani nasubiri wachoke, nimvizie mkaguzi nichukue cherehani. Ndiyo, nilikuwa nimepanga hivyo. Kiatu kimoja nilishavaa.

Hakukuwa na kishindo kwanza. Jengo lilikohoa. Vumbi likatoka kwenye mlango wangu kama mtu anayepuliza moshi. Yule msimamizi akageuka, mdomo umebaki wazi kwenye neno alilokuwa analisema. Kisha ndipo ukaja ule mlio, na nakuambia, niliusikia kwa miguu kabla ya masikio. Ukuta wa mbele ukaanguka kwa ndani. Karatasi zikaruka mpaka juu ya vibanda vya nyanya, kalenda za mwaka mzima, zinashuka polepole juu ya vichwa vya watu.

Vumbi lilipotulia nikakiona chumba changu kiko wazi kwa barabara nzima. Ule mtambo wa juu ulikuwa umesimama katikati yake, wima, kama mteja aliyekuja kupimwa. Meza ya kukatia ilikuwa chini yake. Siwezi kukueleza meza ilivyokuwa.

Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia. Mwenye jengo alikaa chini kwenye lami na suti yake. Mimi nilianza kucheka, mwanangu. Nilicheka mpaka mke wa muuza viatu akanimwagia maji. Nilikuwa nimeomba kimwangukie kichwani anayekitamani. Usiniulize habari za kuondoa apizo. Nilishapiga goti tena palepale kibarazani, mbele za watu, nikayafuta yote.

Sasa kuna jambo nataka nikuambie, na usinikasirikie.

Sikukipenda chumba kile.

Nilikipanga babako alipotuacha kwa sababu hakuna mwingine aliyenikubali na mtoto mgongoni. Kilikuwa na unyevu, kilikuwa na panya, na kelele za juu zimenila kichwa miaka yote. Dada yako mkubwa aliniita nikakae kwake, ana baraza pana na mwanga mzuri, wateja ningewapata. Nilimkatalia kila mwaka. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila barua yako inauliza, "Mama, bado uko palepale?" Unaandika kwamba ukikifikiria kile kitambaa cha maua unapata nguvu za kurudi wodini. Nikasema mtoto wangu yuko mbali, peke yake, kitu kimoja ndicho kinachomshikilia. Nikikitoa nitakuwa nimemsukuma. Basi nikakaa. Nikatundika kitambaa kipya kila cha zamani kilipochakaa, nikitafuta maua yaleyale.

Bwana Tochi alipokutaja mlangoni, watu wanadhani nilishtuka kwa furaha. Nilishtuka nikajisemea, sasa ndiyo basi, nitazikwa humu.

Keshokutwa nahamia kwa dada yako. Niandikie huko.

Mamako

*

30 Aprili

Mama,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikashindwa kukaa. Mwenzangu wa zamu alinikuta nimeshika kitasa cha mlango, hajui natoka au naingia. Hata mimi sikujua.

Nami nikuambie langu. Sipapendi hapa. Sijapapenda tangu mwaka wa kwanza. Baridi yake, vyakula vyake, jinsi watu wanavyokupita kwenye ngazi kama wewe ni ukuta. Ningekwisha rudi zamani. Kila nilipofunga begi nilijiambia, subiri kidogo, mama bado anapanga, mnunulie kwanza kile chumba anachokipenda.

Nimecheka kama ulivyocheka wewe. Huku hakuna aliyenimwagia maji.

Asubuhi hii nimeandika barua ya kuacha kazi. Matroni aliisoma, akanitazama, akauliza nimepata kazi nzuri zaidi wapi. Nikamwambia sina kazi. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, mama yangu yuko hai, nikatoka.

Mwambie dada aniwekee mkeka barazani.

Mwanao,
Kitinda